Hakusema Vile

Maneno niliyoyasema Lubumbashi, Jumamosi ya tarehe 11 Januari 2025, mbele ya watazamaji wenzangu wa Kamalondo, Kenya na Katuba, mitaa ya mjini humu. Nimeyaandika jinsi yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa tu pale nilipokohoa, na pale mvua ilipopiga mabati hata tukanyamaza sote kuisubiri.

Wababa, wamama, wayaya na wadogo zangu, jambo yenu.

Asanteni kwa kuvuka matope. Nilipoombwa nizungumze juu ya tamthilia zilizotia fora mwaka uliokwisha, hizi ambazo hapa mjini tunaziita seri, nilicheka kwanza. Aliyeniomba anajua umeme wa kwetu ni mgeni asiyepiga hodi, na akiondoka haagi. Seri ya sehemu kumi, mtu wa Paris anaimaliza Jumamosi na Jumapili. Mimi ilinichukua majuma matano, na kati ya sehemu ya sita na ya saba nilimzika mjomba. Kwa hiyo msinihesabu bingwa. Nimetazama nilichoweza, kwenye flashi niliyojaziwa sokoni, kwenye simu ya mdogo wangu, na usiku wa manane umeme unaporudi na nyumba nzima inaamka kutafuta chaja.

Lakini kuna kazi moja ya televisheni ninayoijua kuliko wengi wenu. Mimi ni mkalimani wa Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ndiye aliyenilea, kule mtaa wa Kenya, si mbali na soko. Anajua Kiswahili chetu, anajua Kibemba, na Kifaransa chake ni kile cha kununulia sabuni. Televisheni yetu, karibu siku zote, ilijua Kifaransa tu. Wabrazili walilia kwa Kifaransa, Wameksiko walitongozana kwa Kifaransa, hata Wahindi na Wanaijeria walikuja kutukanana kwa Kifaransa cha Paris, kwa sauti zilezile za watu watano sita tuliozizoea kama za majirani. Tangu nina miaka tisa nilikaa kwenye kigoda pembeni yake, nikimwambia wanasema nini. Na nilikuwa mkalimani mbaya. Mwanamume akimnong'oneza mwanamke maneno ya kitandani, mimi nilitafsiri, "Anamuuliza habari za nyumbani." Mtu akimtukana mama mkwe, nilisema, "Wamechelewa kula." Niliogopa kofi. Siku moja akanigeukia: "Weye, unasema bongo. Ule mama hawezi kulia vile juu ya chakula." Bongo, kwa mgeni aliyeingia mjini leo, ndio uongo wa hapa kwetu.

Nawaeleza haya kwa sababu mwaka 2024, kati ya seri zote zilizosifiwa duniani, ile iliyozipita zote ilikuwa habari ya mkalimani.

Naisema Shōgun. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 27 Februari, sehemu kumi, ikaisha Aprili. Ni Japani ya mwaka 1600. Mtawala mkuu amefariki, mrithi bado mtoto, mabwana watano wanatawala kwa niaba yake huku kila mmoja akimnyemelea mwenzake. Meli ya Waholanzi inatupwa pwani ikiwa na rubani Mwingereza, John Blackthorne, na Bwana Toranaga, mmoja wa wale watano, anataka kujua mtu huyu ana faida gani kwake. Blackthorne hajui Kijapani. Toranaga hajui lugha ya mgeni. Katikati yao anakaa Bibi Mariko, Mkatoliki aliyefundishwa Kireno, na kila neno la vita, la dharau na la mapenzi linapita mdomoni mwake.

Watu walisifu mavazi, mapanga na moshi wa mizinga. Sawa. Mimi nilimtazama Mariko tu. Anapotafsiri anainamisha macho kidogo, anasubiri pumzi moja, kisha anaitoa sentensi ikiwa imeoshwa. Rubani anaropoka kama mlevi wa lutuku, yeye anaitoa kwa adabu ya jumba la mfalme. Mara anaifupisha. Mara ananyamaza mahali palipotakiwa neno, na aliyekaa mbele yake anaelewa kilichonyamaziwa.

Hapo ndipo Mama Mkubwa aliponifumania tena, mimi mtu mzima mwenye mvi. Hebu uoneni mnyororo wenyewe. Toranaga anasema Kijapani. Mariko anamgeuzia rubani kwa lugha tunayoambiwa ni Kireno, ingawa waigizaji wenyewe wanatamka Kiingereza. Maandishi ya chini yananigeuzia mimi kwa Kifaransa. Na mimi nayageuza Kiswahili kwa mama ambaye miwani yake ilivunjika tangu Pasaka. Neno limeshavuka mito mitatu kabla halijamfikia. Basi rubani akasema jambo la utovu wa adabu, Mariko akamgeukia bwana wake, nami kwa haraka nikarudia yale ya rubani nikidhani ndiyo aliyosema Mariko. Mama Mkubwa akatikisa kichwa. "Hapana. Ule mwanamuke hakusema vile. Tazama shingo yake."

Nikarudisha nyuma. Nikasoma tena, polepole. Kweli bwana, Mariko alikuwa amelilainisha. Mama Mkubwa hajui Kijapani hata salamu. Alisoma shingo ya mwigizaji.

Mwigizaji huyo ni Anna Sawai, na tarehe 15 Septemba huko Los Angeles walimpa Emmy, ile tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji bora wa kike. Hiroyuki Sanada, aliyekuwa Toranaga, akachukua ya kiume, na seri yenyewe ikawa tamthilia bora. Ukijumlisha na tuzo za ufundi zilizotolewa juma moja kabla, ni Emmy 18, na hakuna msimu mmoja wa seri yoyote uliowahi kufika hapo. Jumapili iliyopita wameongezewa tuzo nne za Golden Globe. Kama asilimia 70 ya mazungumzo yake ni Kijapani, na kabla ya hapo Emmy ya tamthilia bora haijawahi kwenda kwa kazi isiyo ya Kiingereza.

Hadithi si mpya. Ni riwaya ya James Clavell ya mwaka 1975, na mwaka 1980 Wamarekani walikwisha kuitengenezea seri. Katika ile ya 1980 Wajapani waliongea Kijapani bila maandishi yoyote chini. Mtazamaji alitakiwa asielewe, ajione yuko ndani ya kichwa cha rubani. Ni ujanja, siukatai. Lakini sisi watu wa Kongo tunaijua mno picha ya namna hiyo: Mzungu anasema, mwenyeji anapiga kelele nyuma yake. Safari hii waligeuza meza. Rachel Kondo na Justin Marks, mke na mume, waliongoza uandishi kwa Kiingereza, maandishi yakatafsiriwa Kijapani, yakapitia kwa mwandishi wa michezo wa Kijapani ayape lugha ya zama zile, kisha maneno hayo mapya yakarudishwa Kiingereza kwa ajili ya maandishi ya chini. Sanada, ambaye alikuwa pia mtayarishaji, alileta mafundi wa kwao wa mavazi, wa nywele, hata wa namna ya kutembea na kukaa. Na baada ya jasho lote hilo, picha zenyewe zilipigwa Kanada.

Kuna mahali pamoja nilisimamisha picha, nikatoka nje kuvuta hewa. Rubani anamweleza Toranaga kwamba Wareno na Wahispania wameugawana ulimwengu kwa mkataba, na kwamba Japani, bila Wajapani wenyewe kujua, imo katika fungu la Wareno. Na anayepaswa kuligeuza neno hilo ni mtoto wa kanisa lilelile lililoubariki ugawaji. Mkataba ule si wa kubuni: Tordesillas, 1494. Sasa nawauliza wazee mlioko mbele. Berlin, 1884 hadi 1885, Wazungu walipoketi kupanga ugawaji wa Afrika, nani alitutafsiria? Nani alifika Bunkeya kwa M'siri, mfalme wa hapa Katanga, akamwambia, "Mwami, mezani kwa watu fulani nchi yako imekwisha kukatwa"? Alipopigwa risasi Desemba 1891, karatasi zile zilikuwa na umri wa karibu miaka saba.

(Hapa ukumbi ulicheka, kicheko cha puani.)

Sasa twende Uingereza, kwenye posta za vijijini. Naona wengine wanakunja uso. Posta? Sisi ambao wadogo zetu hawajawahi kulamba stempu? Subirini.

Mr Bates vs The Post Office ilionyeshwa kwenye televisheni ya ITV ya kulekule usiku nne mfululizo, tarehe 1 hadi 4 Januari 2024. Mwandishi ni Gwyneth Hughes, na anachokisimulia kilitokea. Posta ya Uingereza iliweka kompyuta katika vituo vyake vidogo, na ndani yake programu iitwayo Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Programu ile ilikuwa na makosa. Ilionyesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea. Wasimamizi wa vituo, watu wa kuuza stempu na maziwa, wakaitwa wezi. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walihukumiwa. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, kuna waliojiua. Na waliopiga simu kuomba msaada waliambiwa, mmoja mmoja, kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo hilo.

Kuna mahali ambapo msimamizi mmoja, Jo Hamilton, anayeigizwa na Monica Dolan, yuko na simu sikioni, anafuata maelekezo kitufe kwa kitufe, na upungufu unakuwa maradufu machoni pake. Hakuna bunduki wala damu. Ni mama mmoja na namba kwenye kioo. Niliogopa kuliko sinema yoyote ya mizimu.

Niliogopa kwa sababu namba ile niliwahi kuiona. Marehemu papa, baba yangu, alikuwa akishika fedha katika duka moja la mjini, sitalitaja. Jioni moja hesabu ya mashine ikasema zinakosekana, na mkubwa wake akasema mashine haina watoto wa kulisha, haiwezi kuiba. Papa hakubishana. Walimkata mshahara miezi mitatu, tukala bukari na sombe, sombe na bukari. Kilichonibakia si ile njaa. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari mgonjwa, nilimkuta bado anaifanya ile hesabu kwa penseli nyuma ya kalenda, akitafuta alikosea wapi. Hakuwahi kufikiri kwamba labda hakukosea.

Basi nilipomwona Toby Jones akiwa Alan Bates, msimamizi mwingine wa kituo, na ule uso wake wa mtu aliyesahau mwavuli kwenye basi, akikataa kutia sahihi hesabu asiyoiamini, nilitaka papa awe hai dakika 10 tu aone kwamba kumbe inawezekana kukataa.

Mnajua kilichofuata? Waandishi wa habari walikuwa wameandika juu ya kashfa ile tangu 2009. Mwaka 2019 jaji wa Mahakama Kuu alikwisha kusema programu ile haikuwa ya kutegemewa, baada ya Bates na wenzake, 555 kwa jumla, kuipeleka Posta mahakamani. Nchi ikasikia, ikaguna, ikaendelea na chai yake. Kisha zikaja usiku zile nne. Zaidi ya watu milioni 1 walitia sahihi kudai mkuu wa zamani wa Posta anyang'anywe nishani yake ya heshima. Tarehe 9 Januari akasema anairudisha mwenyewe. Kesho yake waziri mkuu akatangaza sheria mpya, na tarehe 24 Mei sheria ikapita, hukumu zikafutwa kwa mamia kwa mkupuo. Msitoke hapa mkisema televisheni ilileta haki. Haki ililetwa na watu waliotunza makaratasi miaka 20. Televisheni iliwapatia masikio, na mtu anaweza kukasirika kabisa kwamba ilihitajika mwigizaji ndipo aliyesingiziwa wizi aaminiwe.

Baby Reindeer nitaipitia kwa uangalifu kwa sababu kuna watoto ukumbini. Ilitoka Netflix tarehe 11 Aprili, sehemu saba. Mwandishi wake, Richard Gadd, anaigiza maisha yake mwenyewe. Mhudumu wa baa anampa mwanamke mnyonge kikombe cha chai bila malipo, na mwanamke anamng'ang'ania: barua pepe kwa maelfu, kituo cha basi, nyumbani, kila mahali. Wanaume wa mtaani kwetu walianza kuitazama wakicheka. Mwanamume anafuatwa na mwanamke, halafu analalamika? Mmoja alisema yeye angeshukuru Mungu. Ilipofika sehemu ya nne, inayoeleza jambo alilofanyiwa huyu kijana zamani na mwanamume mwenye cheo katika kazi yao, kicheko kilikatika. Mtu mmoja alisimama akaenda kukojoa, hakurudi. Hatujamuuliza.

Ilichukua Emmy sita, na Jessica Gunning aliyeigiza yule mwanamke alistahili yake mara mbili: unamwogopa, unamhurumia, na huwezi kusema ni sekunde gani ulibadilika. Lakini nina neno nayo. Mwanzoni kabisa inaandika kwamba hiki ni kisa cha kweli. Mwezi Juni mwanamke anayedai ndiye aliyesemwa alifungua kesi Marekani, akisema amesingiziwa, na kesi bado inaendelea. Seri inayomlilia mtu asiyeaminiwa, na nje ya mlango amesimama mtu mwingine anasema, hakusema vile, hakufanya vile. Sina jibu. Ningekuwa mimi, lile neno "kweli" ningeliacha kwenye droo.

Ripley nitawaambia kwa kifupi, maana raha yake ni kuitazama. Aprili pia, sehemu nane, Andrew Scott katika nafasi ya tapeli anayevaa maisha ya tajiri aliyemuua. Steven Zaillian aliandika na kuongoza zote. Italia yote imepigwa nyeusi na nyeupe, hata bahari. Tulipoiwasha, jirani yetu aliinuka akaanza kutikisa waya nyuma ya televisheni. Tukamwambia, papa, ndivyo ilivyo. Akasema, "Basi wamewadanganya dukani." Aliondoka kabla ya mauaji ya kwenye mashua, akakosa kuona jinsi mtu anavyohangaika na maiti moja kwa muda mrefu kuliko misa. Maana kuua ni dakika. Kazi ni nanga, kamba, damu kwenye mbao, ngazi za mawe, na paka anayekutazama. Mpiga picha, Robert Elswit, alipata Emmy yake, na Zaillian ya uongozaji.

Sasa hii nyingine haikupata Emmy hata moja, na naipenda kwa sababu zisizo za tuzo. Supacell, ya Rapman, mwishoni mwa Juni, sehemu sita. Watu weusi watano wa London kusini wanajikuta na nguvu zisizo za kawaida. Mmoja anaruka ndani ya wakati, mwingine anakimbia hata haonekani njiani, mwingine anasogeza vitu bila kuvigusa. Kwa sinema za nguvu nilishachoka tangu zamani, nilikuwa karibu kuizima. Lakini kinachowaunganisha hawa ni damu: selimundu katika familia zao. Ule ugonjwa ambao hapa tunautaja kwa herufi mbili, SS, na tukiutaja tunashusha sauti kama kuna mtu amelala chumba cha pili.

Mnajua jinsi unavyoingia. Mama ana chembe moja ya kurithisha ugonjwa, baba ana chembe moja, hakuna anayeumwa, wanapendana, wanaoana, mtoto anazipokea zote mbili. Na mnajua masengenyo yanayofuata: mama karogwa, mama katenda dhambi, ukoo wa mume unadai wa mke ndio wenye laana. Hakuna laana. Mwenye chembe moja hukingwa kwa kiasi fulani na malaria kali, ndiyo maana chembe hiyo imejaa katika nchi za mbu kama yetu. Kwa hiyo Rapman hakubuni yote. Kwamba damu hii ina nguvu ndani yake, waganga wa hospitali walishasema, ila nguvu yenyewe ni ya kuwasaidia wale waliobeba nusu, na anayelipa gharama ni aliyebeba zote.

Kwa jirani kuna binti wa miaka 14 mwenye SS. Alikuja kutazama na blanketi, ilikuwa msimu wa baridi, mwezi Julai, na baridi ya Lubumbashi mnaijua inavyomfanya mtu kama yeye. Tulipomaliza nikamuuliza, je, wewe ungetaka nguvu gani kati ya zile? Akanitazama kama mjinga. "Ninayo tayari," akasema. "Nikiambiwa na mifupa kwamba kesho kuna baridi, ni lazima iwepo." Akajifunga blanketi akaenda zake.

Zilizobaki nitazikimbiza. House of the Dragon ilirudi Juni kwa msimu wa pili, sehemu nane za kunoa panga, na panga halikukata kitu mwishoni. Squid Game ilirudi siku moja baada ya Krismasi, sehemu saba, ikakatika katikati kama hadithi ya babu aliyesinzia. Vijana wananiambia nisubiri. Nasubiri, lakini sisifu kitu kwa mkopo. Slow Horses, ya majasusi walioharibikiwa, ilifika msimu wa nne na bado inachekesha, hasa mkuu wao mwenye soksi zilizotoboka.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni, kabla hatujaanza: na za kwetu? Nilijua litakuja.

Mwezi Machi Kunle Afolayan wa Nijeria alileta Aníkúlápó: Rise of the Spectre, nayo inaongea Kiyoruba, haiombi radhi, inamwachia mgeni asome maandishi. Wakenya walikwisha kufanya Country Queen mwaka 2022, mwanamke anarudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya madini inataka ardhi, na watu wanaongea Kiswahili, Kikamba na Kiingereza jinsi watu wanavyoongea kweli. Nilipoitazama ile nilikasirika. Kampuni ya madini! Kijiji kinachohamishwa! Jamani, hiyo si ndiyo barabara ya kwenda Likasi na Kolwezi kila siku? Sisi tunaoishi chini ya bomba la moshi la kiwanda, tunaona malori ya shaba na kobalti yakipanga foleni kwenda mpakani Kasumbalesa, tunangoja Nairobi watutungie?

Na si kwamba hatukuwahi. Wazee hapa wanamkumbuka Mufwankolo na kundi lake la maigizo, redioni na kwenye televisheni ya hapahapa, kwa Kiswahili cha hapahapa, kile ambacho walimu walitukataza darasani. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, wakaingia. Mwaka 1986 walijenga mchezo mzima juu ya methali moja, kwamba madaraka huliwa mazima, na kule nje Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya watu, akaandika kitabu kizima juu ya mchezo huo, kilichotoka 1990. Kitabu! Mbele ya Mufwankolo sikuwa na kazi. Kigoda changu kilikaa kitupu, Mama Mkubwa alicheka kabla yangu, na mara nyingine yeye ndiye aliyenieleza mimi maneno ya watu wa kambi za migodi ambayo sikuyajua. Katika miaka yote ya televisheni nyumbani kwetu, zile ndizo jioni pekee alizotazama bila kuniangalia mdomo.

Nasikia mafundi wameshaunganisha jenereta, na mvua imepungua. Tutatazama dakika 15 tu za Shōgun, ile mazungumzo ya ramani na ugawaji wa dunia, halafu mtauliza maswali. Maandishi ya chini ni ya Kifaransa. Kwa wasiosoma nitasimama hapa pembeni nitafsiri, kama zamani. Naomba mtu amsogezee Mama Mkubwa kiti, yule pale mwenye kitambaa cha kijani. Hapana, mbele zaidi. Anataka kuona shingo.